Mshairi Hapa, Babu Pale, Mbuzi Katikati

Nilikutana na yule mama wa Kihindi katika duka la mboga la Kingsbury Road, simu nimeibana kwa bega, nikimgombeza mdogo wangu aliyeko Mombasa. Mdogo wangu alikuwa ameipaka nyumba ya mama yetu rangi ya zambarau bila kuniuliza. Mimi nikigombana siwezi kusema polepole, na Kiingereza hunitoka chote kichwani. Watu walikuwa wananipisha mbele ya bamia. Nilipokata simu nikamwona bibi mfupi aliyevaa koti zito juu ya sari, amesimama na kikapu chake, ananitazama kama mtu aliyekuja kumpokea jamaa yake uwanja wa ndege.

"Zambarau haifai," akaniambia kwa Kiswahili. "Itashika vumbi yote. Wewe ya Mombasa wapi?"

"Kuze, mama."

"Kuze! Mimi ya Makadara." Akaweka kikapu chini ili anishike mikono yote miwili. Akaniuliza ninafanya kazi gani, nina watoto wangapi, na kama ninajua dukani hapa wanachanganya bamia za jana na za leo. Nikamwambia mimi ni muuguzi, wadi ya mifupa. Mume wangu anaendesha basi. Akatikisa kichwa kwa kila jibu, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa mbele ya bamia.

"Wewe unajua mtu yoyote ya mashairi?"

Basi ikabidi nicheke, kwa sababu mtu mwenyewe ni mimi. Si mshairi wa vitabu. Lakini watu wa pwani tulioko London tunaoana, tunazaa, tunahama nyumba, na kila shughuli inataka beti zake, na kwa miaka mingi beti hizo nimekuwa nikizitunga mimi, mara nyingi katika chumba cha chai cha hospitali, nyuma ya karatasi ya zamu. Nilipomwambia hivyo aliniandikia anwani yake ya Stanmore papo hapo. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimekaa katika sebule yao, sahani ya vitafunio vya chevda mapajani, namsikiliza mumewe.

Mzee yule alikuwa mfamasia mstaafu, mrefu, mpole, mwenye fulana ya sufi hata hita ikiwaka. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mbio na cha furaha, ila hakikujali vitu vidogo. Kwake kila kitu duniani kilikuwa "ile" na "iko". Ile mtu, ile mti, ile kiti. Nilizoea baada ya kikombe kimoja cha chai. Ningejua yatakayotokea ningekuwa mwangalifu zaidi.

Babu yake, aliniambia, alikuwa na duka Mombasa, nalo halikuwa duka la mchele wala la vitambaa. Lilikuwa la vitu vya kale: kombe za Kichina zilizotoka makaburini, sarafu zisizosomeka, vitasa vya milango, saa zilizokufa, taa za meli. Babu hakupenda kuuza. Alipenda kukusanya, na mteja akionyesha nia ya kununua kitu, babu alikipandisha bei mpaka mteja aondoke. Leo tungemwita mtaalamu wa mambo ya kale. Wakati ule mtaani, nahisi walimwita mnunua mikweche.

"Sasa siku moja," mzee akasema, akakaa mbele ya kiti, "mshairi kubwa ya Mombasa alikuja kwa duka. Yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Mtaa yote ikatoka kutazama. Mshairi hapa, babu pale, mbuzi katikati. Akasimama, akasoma shairi ya kumsifu babu. Babu akashika hii shairi kwa moyo. Akafundisha baba yangu, baba yangu akafundisha mimi."

Hiyo ndiyo picha aliyoitaka. Watoto wake walimuuliza anataka zawadi gani siku yake ya kuzaliwa, akakataa saa, akakataa safari ya meli, akasema anataka picha kubwa ya rangi, kama zile za majumba ya makumbusho, ya siku ambayo mshairi alikutana na babu yake. Mwanawe akatafuta mchoraji anayejua Kiswahili ili wazee wasipate tabu ya kueleza. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa achorwe badala ya mshairi.

"Na shairi lenyewe, mzee?" nikauliza.

Akasimama. Akafunga kifungo cha juu cha fulana. Akasoma kwa sauti ya heshima, kama anayesoma wimbo wa taifa:

Kila cha kale mjini
chapatikana dukani,
cha bwana na masikini,
na changu nimekiona.

"Unaona?" akasema, macho yamelowa. "Vitu yote iko kwa babu. Ya tajiri, ya masikini. Halafu mshairi anasema, hata mimi nimeona yangu. Yaani moyo yake imeridhika."

Chai ilinipalia. Mimi nimekulia mtaa ambao wanawake wanatukanana kwa maandishi ya leso, mtu anapita mbele ya mlango wako kimya, matusi yako mgongoni kwake. *Na changu nimekiona.* Hiyo si sauti ya mtu aliyeridhika moyo. Ni sauti ya mtu aliyesimama kizingitini, mkono kiunoni, amekiona kitu chake kilichoibwa kimepangwa kwenye rafu ya mtu mwingine. Yule babu aliyepewa sifa vizazi vitatu alikuwa ameitwa mpokea vya wizi, mchana kweupe, mtaa mzima ukisikia.

"Shairi zito sana, mzee," nikasema, nikijifuta kidevu. Na kwa kweli lilikuwa zito. Mkewe alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akanijazia kikombe.

Mtu wa kwanza kukaa badala ya mshairi alikuwa mume wangu, kwa sababu ana ndevu, na mzee alisema mshairi lazima alikuwa na ndevu. Kazi ilifanyika gerejini, gari likatolewa nje. Huko ndiko nilikomkuta mchoraji, mtu wa Bukavu, mpana, taratibu, ambaye alfajiri alifanya usafi uwanja wa ndege karibu na kwake Hounslow, kisha akavuka London nzima na tyubu zake za rangi katika begi la michezo. Kwao alikuwa amesomea uchoraji kabisa. Hapa alikuwa amechora ukuta wa kanisa lao na mabango ya vinyozi wawili. Turubai aliyoitengeneza ilikuwa kubwa kama mlango wa ghala.

Mume wangu alivaa kanzu, akainua mkono kama alivyoambiwa. Baada ya muda mfupi mkono ukashuka. Akauliza chakula cha mchana ni nini. Akaambiwa ni dengu. Akauliza na nini. Mzee akamwomba asome lile shairi ili mchoraji auone mdomo ukiwa kazini, mume wangu akasoma, na mzee akanivuta pembeni.

"Binti yangu, usikasirike. Hii mtu yako iko mzuri sana. Lakini anasoma kama anatangaza kituo inayofuata."

Mume wangu alifurahi kuliko sisi sote. Alibadili nguo akaenda kutazama mpira. Tukabaki sisi wanne gerejini, mimi na mzee na mkewe na mchoraji, na nafasi tupu ya mshairi. Hapo mchoraji, aliyekuwa akisafisha brashi, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mzee, ule mushairi alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

Mzee akamgeukia mkewe, kisha mchoraji.

"Babu alisema, alikuja."

"Alikuja nani?"

"Mshairi. Alikuja. Alikuja ni alikuja!"

Vizazi vitatu walikuwa wamesimulia habari ile kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuwahi kuwadai jibu. Mwanawe, aliyeingia na trei ya chai, alisema kwa Kiingereza kwamba wao watoto siku zote walifahamu kuwa alikuwa mwanamume. Mama yake akamuuliza nani aliwaambia. Akasema hakuna aliyewaambia. Mama akageuka kunitazama mimi, akanitazama kuanzia viatu hadi mtandio.

"Hii hapa mshairi," akasema. "Iko na mdomo, iko na mkono. Kaa, binti yangu."

Nikakaa. Mzee alijaribu kuomba ndevu kidogo tu, mchoraji akamwambia kwa upole kwamba yeye anachora anachokiona.

Ikawa desturi. Siku nisiyokuwa na zamu nilipanda treni ya Jubilee hadi kituo cha mwisho, leso mbili kwenye mfuko, nikavaa gerejini na kusimama mbele ya hita iliyonichoma goti moja na kuliacha jingine likiganda. Mzee alikaa mkabala nami badala ya babu yake, kofia nyeusi ya duara kichwani, mbele ya meza iliyojazwa kila kikombe cha zamani walichokuwa nacho. Alitaka nisome shairi tangu mwanzo hadi mwisho, kila mara, kwa heshima. Na kila mara, nilipofika *cha bwana na masikini*, alikuwa amelala.

"Mzee, fungula macho," mchoraji alisema.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza na kukoroma?"

Jambo moja mchoraji alilikataa kabisa, nalo ni kumwonyesha mtu picha kabla haijakwisha. Mzee alikubali kwa shingo upande. Mimi niliibia. Siku moja mchoraji alikwenda kunawa, nikazunguka nyuma ya turubai. Nilijiona mwenyewe, mkubwa, leso zimepepea, mkono mbele, na nikajipenda. Nikamwona mzee akiwa babu yake, akiwa macho, kazi ambayo lazima mchoraji aliifanya kwa kumbukumbu. Halafu, katikati yetu, juu ya zulia, baina ya kombe za Kichina, nikamwona mbuzi.

Alikuwa mbuzi mzuri. Dume, madoa meusi na meupe, ndevu ndefu, pembe zimegeuka nyuma, na macho ya manjano yaliyomtazama mtazamaji kama anayeuliza una shida gani. Manyoya yake yalichorwa moja moja. Uso wa babu ulikuwa haujapata hata nusu ya uangalifu ule.

"Mbuzi wa nini?" nikamuuliza mchoraji aliporudi.

"Mzee njo alisema. Mushairi hapa, babu pale, mbuzi katikati." Alijifuta mikono, hana wasiwasi. "Na iko sawa, mama. Kwetu mutu mukubwa akikuya kukutembelea, lazima mbuzi ikuwe pale. Bila mbuzi ni matembezi ya bure."

Kweli, mzee alikuwa amesema hivyo. Hata mimi nilimsikia. Lakini niliendelea kumtafakari yule mbuzi kwenye treni, na wadini nilipokuwa nikiwageuza wagonjwa. Nani anaingiza dume la mbuzi katika duka la vyombo vya udongo? Wiki iliyofuata, mchoraji akiwa anachanganya rangi, nikamuuliza mzee.

"Mzee, mbuzi alikuwa wa nani?"

"Ya mshairi."

"Alikuja naye?"

"Hapana! Mbuzi ilikuwa kwa duka tayari. Babu alinunua kwa mpishi fulani."

"Akamfuga mle ndani?"

"Akaweka kwa rafu."

"Kwenye rafu, mzee?"

"Rafu ya juu. Ilikuwa nzuri sana. Nakshi yote hapa kwa mgongo. Na miguu inakunjika."

"Miguu inakunjika."

"Ndiyo, unakunja, unaweka. Na hii mdomo yake ya chuma, babu alipaka mafuta isishike kutu."

Nilikaa chini bila kuambiwa. Mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi! Kile kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho nimekikalia utotoni mwangu kila siku ya Mungu na kukwaruza vifundo vyote vya mkono. Kwetu tungesema mbuzi *yake* tukimaanisha kibao, na mbuzi *wake* tukimaanisha mnyama, na hapangekuwa na tabu. Lakini mzee kila kitu kwake kilikuwa "ile", na mtu wa Bukavu vilevile, na Bukavu wana ziwa, hawana minazi. Mmoja alisema kibao, mwingine akasikia pembe na kwato, na wote wawili walielewana vizuri kabisa.

Na kama kilichoibwa kilikuwa mbuzi ya nazi, basi hata swali la ndevu lilikuwa limejijibu. Mwanamume wa Mombasa ya wakati ule aliyetoka nyumbani kwake kwenda kugombania mbuzi ya nazi mtaani, mimi sijamsikia.

Nikamfuata mama jikoni, nikafunga mlango, nikamweleza yote: mbuzi, mpishi, shairi. Alikuwa anakanda unga. Mwanzo alinisikiliza mikono imesimama hewani. Nilipofika *na changu nimekiona* na kumwonyesha inavyotakiwa kusemwa, kiuno na yote, alianza kucheka bila sauti, akaegemea jokofu, akacheka mpaka unga ukamwingia machoni na ikabidi nimwoshe uso.

"Miaka yote," akasema alipopata pumzi. "Miaka yote anasoma hii shairi kwa harusi! Kwa harusi ya mtoto wetu alisoma, kwa maikrofoni!"

"Nimwambie?"

Akafikiri. "Kwanza apite siku yake ya kuzaliwa. Mtu anazeeka mara moja."

Kumwambia mchoraji kulikuwa kugumu zaidi. Nilimwonyesha picha ya mbuzi ya nazi kwenye simu. Aliikuza, akaipunguza, akaigeuza simu.

"Hii ni kiti."

"Ndiyo, kiti cha kukunia nazi. Ndiyo mbuzi anayoisema mzee."

Alimtazama mbuzi wake kwa muda mrefu. Sijaona mtu akiagana na mnyama namna ile. Kisha akafanya uamuzi. "Mama, hii mbuzi njo kitu ya muzuri kupita yote mu hii picha. Wewe uko muzuri, lakini mbuzi inakupita. Siifute." Mwisho tukakubaliana achore na ile ya nazi pia, mahali padogo. Aliiweka chini ya kwato la mbele la dume, kama kwamba mnyama anaikanyaga ili isiibwe tena.

Siku yenyewe ikafika, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo wote tulipaswa kuligundua mapema. Picha haikupita mlango wa kuingilia nyumbani. Mwanawe alijaribu na shemeji zake, wakaiinamisha, wakailaza, wakatoa mlango bawabani, haikupita. Wala isingefaa kitu, maana hapakuwa na ukuta wa kuitosha. Kwa hiyo shughuli ikahamia gerejini. Jamaa wa Stanmore na Kingsbury na wa Harrow walisimama na makoti yao kati ya mashine ya kukatia majani na makopo ya rangi ya zamani, sahani za dhokla, zile keki za dengu, mikononi, pumzi zikitoa mvuke. Mume wangu alikuja, maana alisikia kutakuwa na keki. Na kutoka Leicester alikuja dada mkubwa wa mzee, bibi mkavu mwenye fimbo, aliyewekewa kiti cha mbele na mablanketi mawili.

Mchoraji alivuta shuka.

Watu walisema "aah", na ilikuwa "aah" ya kweli. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kumwona mbuzi. Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kwa nini kuna mbuzi. Mzee alisogea, akavaa miwani, akainama. Aliutazama uso wa babu, akatabasamu. Alinitazama mimi. Akamtazama dume.

"Hii nini?"

"Mbuzi, mzee," mchoraji akasema.

Kabla mzee hajajibu, dada yake alishaanza kucheka kule kwenye mablanketi. Alikuwa na sauti kama mlango usiotiwa mafuta.

"Pumbavu, wote!" akasema kwa Kiswahili, nadhani ili wajukuu wasijue anawatukana, na wajukuu wakajua vizuri sana. "Mbuzi ilikuwa ya nazi! Ya ile mwanamke alimtukana babu kwa mlango. Mimi nililala chumba moja na bibi yetu miaka mingapi, aliniambia kila usiku. Mpishi ya yule mwanamke aliiba, akauza kwa babu. Mwanamke akaja. Babu akasema, leta shahidi. Hakuleta shahidi. Alileta shairi! Wiki yote watoto ya mtaa waliimba mbele ya duka. Babu alishindwa hata kutoka kununua mkate."

Mzee alisimama wima. Rangi ilimtoka. Nilimwona mama akisogea karibu naye, na mwanawe akaweka sahani chini. Mzee akanigeukia mimi.

"Binti yangu. Wewe ulijua?"

"Nilijua, mzee. Tangu siku ya kwanza."

"Ni tusi?"

"Ni tusi, mzee. Lakini tusi la mtu hodari."

Alimgeukia dada yake. "Na babu? Alijua ni tusi?"

"Mtaa yote inaimba, asijue?" Dada akajifuta macho kwa ncha ya blanketi, na sauti yake ikalainika kidogo. "Alirudisha mbuzi yeye mwenyewe, mpaka nyumbani kwa yule mwanamke, na nazi mbili juu. Lakini shairi hakurudisha. Aliipenda. Aliimba akioga. Bibi alimwambia, huoni aibu? Akasema, kwa duka yangu yote hii ndiyo kitu moja ambayo hakuna mtu atakuja kudai."

Mzee aliitazama picha tena, na mabega yake yalianza kutikisika, na kwa nukta chache sikujua ni kicheko au kilio. Nadhani naye hakujua. Halafu akapangusa miwani na fulana yake ya sufi.

"Mimi nimesoma hii kwa harusi," akasema.

"Kwa maikrofoni," mkewe akamkumbusha.

Hapo gereji nzima ilipasuka. Mume wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia kitandani na akaapa atanyamaza, alicheka mpaka keki ikamwanguka. Mzee akainua mkono watu watulie. Akavuta kiti chake hadi mbele ya picha, akakaa, akavaa ile kofia nyeusi ya duara.

"Soma tena," akaniambia. "Lakini sasa soma kabisa kama Mombasa."

Nikavua koti. Nikajifunga leso kiunoni juu ya gauni langu zuri. Nikasimama kwenye kizingiti cha gereji, baridi ya Stanmore mgongoni, na nikalisoma lile shairi kama lilivyozaliwa, kwa bibi yule nisiyemjua jina, na kwa mbuzi yake, na kidogo, nakiri, kwa ajili ya ile nyumba ya zambarau. Neno *changu* nililivuta mpaka mtaa wa pili. Mzee hakulala. Nilipomaliza alijaribu kujibu kama babu, akanyoosha kidole, akasema, "Leta shahidi!" na dada yake akamtupia kipande cha dhokla.

Wajukuu ndio walionishangaza. Watoto wale tangu nianze kwenda pale walikuwa wakinielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza, kama nyumba zetu zote. Jioni ile walinizunguka wakitaka niwafundishe, mstari kwa mstari, na hasa pale pa kiunoni. Msichana mmoja aliniuliza kama kuna mashairi mengine ya kutukana watu. Nikamwambia kwetu hayo ni karibu nusu.

Picha bado iko gerejini. Mwanawe aliita fundi kuona kama ukuta unaweza kubomolewa, fundi akaeleza kazi yenyewe ilivyo kubwa, na mama akasema basi gari lilale nje. Mzee ameweka zulia kule, na viti, na birika la umeme, na wageni wanapokelewa huko hata kukiwa na barafu. Jirani mmoja Mwingereza, aliyekuja kulalamika juu ya gari, alitoka baada ya saa nzima akiwa ameelezwa yote na kula mara mbili. Mzee sasa anaisimulia habari ile kwa fahari kubwa kuliko zamani, na kila akiisimulia wale watoto walioimba mbele ya duka wanaongezeka.

Mchoraji alipata kazi tatu kutokana na shughuli ile. Familia moja ya Kingsbury wanataka babu yao na reli. Nyingine wanataka bibi yao na cherehani yake. Ya tatu ni ya kanisa la mchoraji mwenyewe, wanataka hori la Betlehemu ukuta mzima. Mara ya mwisho nilipokutana naye alikuwa kwenye treni, begi la michezo mapajani, ananionyesha kwenye simu picha za ng'ombe na punda alizopiga shamba fulani nje ya mji. Aliniambia wanyama wa Uingereza ni wanene sana, hawana uso wa mawazo. Nikamuuliza atafanyaje.

"Nitawaambia wakae vizuri," akasema, akashuka Wembley Park kubadili treni, akinipungia mkono ulio na rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko.